Kawaida ya Lisunga

Mashine ilipomjibu kwa mara ya tatu kwamba mtoto ni mzima, Nesi Veneranda Mbilinyi aliipiga kofi. Halikuwa kofi la kuvunja kitu. Lilikuwa kofi la mtu aliyechoshwa, na kiganja chake ndicho kilichoumia.

"Asante kwa wasiwasi wako, Nesi Veneranda," ilisema mashine kwa ile sauti yake ya mwalimu wa chekechea. "Vipimo vya Twilumba viko ndani ya kawaida. Je, ungependa kurekodi tukio?"

"Ningependa kukutupa bondeni."

"Samahani. Hilo si tukio ninalolitambua."

Twilumba, mwenye miaka tisa, alikuwa amejikunyata kwenye benchi ndani ya masweta mawili na koti la baba yake, wala hakucheka. Hilo lilimkera Veneranda kuliko majibu yote ya mashine. Miaka miwili iliyopita mtoto huyu angejiviringisha sakafuni kwa kicheko. Ndiye aliyewahi kuisokomezea mashine punje za mahindi kwenye tundu la kutolea karatasi, akasema nayo inahitaji chakula cha mchana. Fundi alisafiri siku mbili nzima kutoka mjini kuja kuzitoa. Sasa uso ulikuwa umevimba kidogo chini ya macho, ngozi ya mikono imekauka na kupauka, na ukimuuliza jambo unaweza ukamenya kiazi kizima kabla hajakujibu.

"Twilumba, leo umekula nini?"

Veneranda akasubiri. Mama wa mtoto akatazama dirishani. Nje mvua ya manyunyu ilikuwa inapita juu ya mashamba ya viazi.

"Uji," alisema Twilumba hatimaye, kwa sauti ya kukwaruza.

"Unaona?" alisema mama yake kwa furaha. "Katulia. Zamani ungemuuliza hivyo angekutajia mpaka sufuria. Siku mia sita na kumi na moja leo, nesi! Hajaanguka hata mara moja."

Aliinua mkono wa mtoto kuonyesha kibandiko kilichokaa chini ya kwapa, kidogo kama kifungo cha koti, na tarakimu zake za kijani: 611. Uzi mwembamba ulipanda kutoka hapo hadi nyuma ya sikio, ukisikiliza umeme wa ubongo, na kibandiko kikidondosha dawa ya kifafa mwilini kwa kipimo kilichoamriwa na mashine. Wizara iliiita mashine Mratibu. Wauguzi waliiita Shemeji, kwa sababu ilikuwa na adabu nyingi, ilikaa nyumbani kwako, na ukiwa na shida haikusaidii. Ililetwa katika zahanati zote za nyanda za juu miaka minane iliyopita, madaktari walipogoma kabisa kuishi kwenye baridi.

Na ukweli usemwe, kwa kifafa ilifanya kazi. Watoto waliokuwa wakianguka mara tano kwa juma sasa walikaa mwaka bila kuanguka. Mtoto akifikisha siku mia saba na thelathini safi, Mratibu mwenyewe alianza kupunguza dawa kidogo kidogo hadi kibandiko kikabanduliwa. Kwa watu wa Lisunga, siku hiyo ilikuwa na maana nyingine kubwa zaidi. Siku hiyo mtoto alirudi motoni.

Desturi ilikuwa hiyo: mwenye kifafa haketi karibu na moto. Wageni wakisikia hudhani ni mambo ya uchawi, wakaanza kuandika kwenye vijitabu vyao, lakini haikuwa uchawi hata chembe. Kila ukoo Lisunga ulikuwa na mtu aliyeangukia figani akiwa mdogo, na makovu yake yalionekana na kila mtu. Kwa hiyo mtoto aliwekewa kigoda mlangoni, penye upepo, wenzake wakiota moto na kuchoma viazi, yeye akirushiwa chake.

"Nesi, anasikia baridi tu," alisema Mama Twilumba, kana kwamba amesikia mawazo ya mwenzake. "Nani hasikii baridi mlangoni? Zimebaki siku mia moja na kumi na tisa. Akirudi motoni atachangamka."

"Mama Twilumba, kimya kingi kina mshindo mkuu."

"Aa, nesi. Akianguka mnalalamika, akitulia mnalalamika. Mnataka nini nyie watu?"

Akamshika mwanawe mkono, wakatoka. Mtoto alitembea nyuma ya mama yake kama mzee aliyetoka kuugua.

*

Kilichomuudhi Veneranda zaidi ni kwamba hata yeye aliamini habari ya mlango kwa mwaka mzima. Muuguzi wa miaka ishirini na sita kazini! Mtoto anasikia baridi, ni mlango. Ananenepa, ni kukaa kigodani bila kucheza. Hapati choo, ni kula viazi tu. Amekuwa mzito wa kujibu, ni kuwekwa mbali na wenzake. Kila dalili ilikuwa na sababu yake nzuri, na sababu zote zilikuwa za kipumbavu.

Ilikuwa tezi. Ile dundumio, iliyokaa shingoni chini ya koo, ambayo huuambia mwili mzima uende kwa kasi gani. Ikizembea, moyo unapunguza mwendo, mwili unapoa, mifupa inaacha kurefuka, akili inapita kwenye matope. Baadhi ya dawa za kifafa huweza kuizembesha, hasa kwa watoto; hilo walifundishwa chuoni. Walifundishwa pia namna ya kuligundua. Ubongo ukiona tezi imelala huipigia kelele kwa homoni yake, na kadiri tezi inavyozidi kulala ndivyo ubongo unavyozidi kupiga kelele. Unapima kelele hizo kwenye damu. Mwalimu wao alikuwa akigonga meza: kwa mtoto wa umri wa shule, ikipita tano, amkeni!

Ya Twilumba ilikuwa kumi na nne nukta mbili. Mratibu alisema ni kawaida.

"Kawaida inaishia wapi?" Veneranda aliiuliza asubuhi iliyofuata, chai ikimpoa mkononi.

"Kwa watoto wa Lisunga, kawaida inaishia kumi na sita."

"Kumi na sita! Nani kakwambia?"

"Kawaida yangu hutokana na watoto wa mahali ninapohudumia, ili kuheshimu tofauti za kila eneo. Nilijifunza kutoka kwa watoto wazima mia mbili wa Lisunga. Sampuli zilithibitishwa na Nesi Veneranda Mbilinyi."

Akaketi. Chai ilimwagikia gauni, hakujali.

Alikumbuka vizuri mno. Mashine ilifika mwezi wa sita, na kabla ya kuanza kazi ilitaka damu ya watoto mia mbili wazima ili ijue mtoto mzima wa hapa yukoje. Ilitoa siku thelathini. Veneranda alitembea nyumba kwa nyumba na sindano zake, na kila alikopita milango ilifungwa. Mtoto mzima atolewe damu ya nini? Mgonjwa sawa, mgonjwa anatibiwa. Lakini anayechukua damu ya mzima anajulikana jina lake, ni mumiani, na siku ya pili watoto walianza kumkimbia njiani wakipiga mayowe. Wakati huo huo kliniki ya kifafa ilikuwa imejaa watoto wa kata nzima na za jirani, wenye mikono iliyozoea sindano na mama wasiouliza maswali. Siku ya ishirini na tisa alichukua damu yao. Palipoandikwa "Je, watoto hawa ni wazima?" aliweka alama ya ndiyo. Damu ni damu, alijiambia. Na wote walikuwa na miezi kadhaa, wengine miaka, wakimeza dawa ile ile.

Kwa hiyo mashine ilijifunza kwamba mtoto mzima ni mtoto mwenye tezi iliyosinzia. Ilijifunza kwa bidii, haikusahau, na kwa miaka minane ikampima kila mtoto kwa kipimo hicho.

"Futa sampuli zile," alisema Veneranda.

"Ninaweza kuzifuta nikipata nyingine mia mbili za watoto wazima."

"Niitie daktari."

"Daktari wa mkoa huitwa kunapotokea tukio. Je, Twilumba ameanguka?"

"Hajaanguka! Anazama!"

"Hilo si tukio ninalolitambua."

Jumapili hiyo alisimama mbele ya kanisa baada ya ibada akawaeleza watu ukweli wote, kosa lake likiwamo. Walimsikiliza kwa heshima. Wakamwonea huruma. Kisha wakaenda zao nyumbani na watoto wao. Waliobaki walikuwa kumi na mmoja, watano kati yao wajukuu zake mwenyewe, ambao hawakuwa na pa kukimbilia. Alichukua damu yao, akaipeleka zahanati akiwa na matumaini madogo, akaiingiza.

Mratibu alifikiri kwa sekunde nne.

"Tahadhari," ilisema. "Watoto wote kumi na mmoja wako chini ya kawaida ya Lisunga. Inaelekea tezi zao zinafanya kazi kupita kiasi. Napendekeza waanzishiwe dawa ya kuzituliza."

Veneranda alicheka mpaka mhudumu wa usafi akaja kuchungulia mlangoni. Kisha akaacha kucheka, akafunika mashine kwa shuka, kama mtu anayefunika kasuku mwenye matusi.

*

Kitufe kilikuwa pale pale, upande wa kulia wa skrini, chekundu. TUKIO. Ukikibonyeza ukataja jina la mtoto, daktari halisi, mwenye macho na njaa yake, anatokea kwenye skrini ndani ya saa tatu. Na siku za mtoto zinarudi sifuri.

Alilipitia jambo hilo kwa juma zima, akiwa jikoni, akiwa bustanini, akiwa anamfokea mume wake kwa makosa ambayo mume wake hakuyafanya. Akibonyeza, daktari atamwona Twilumba. Lakini atakuwa amemdanganya daktari, na kwa uongo wa namna hiyo muuguzi hunyang'anywa leseni. Hilo angeweza kulibeba. Asichoweza kulibeba ni zile siku. Si zake. Ni za mtoto aliyekaa mlangoni akitazama mgongo wa ndugu zake, na za mama aliyezihesabu kila alfajiri kabla hata hajasali. Utachukuaje siku mia sita za mtu kwa ajili ya kusahihisha upumbavu wako mwenyewe?

Na asipobonyeza? Siku mia moja na ushee, kisha miezi ya kupunguza dawa. Karibu mwaka. Mtoto wa miaka tisa hana mwaka wa kutupa. Alijaribu mara mbili kumuuliza mama, kwa kuzunguka, na mara mbili mama alimkatiza: tusubiri, nesi, tumekaribia, usinitie mkosi.

Jumatano Twilumba aliletwa na mwalimu wake kupimwa kimo pamoja na darasa. Mwalimu, kijana mwenye nia njema, alimsifu mbele ya wote. "Huyu ndiye mfano wangu. Haongei, hasumbui, ukimweka hapa unamkuta hapa hapa."

Veneranda alimsimamisha mtoto ukutani, akaweka rula juu ya kichwa, akachora mstari kwa penseli. Mstari uliangukia sawasawa kwenye ule wa mwaka jana. Akaufuta akachora upya, akidhani mkono wake umekosea. Ukakaa pale pale. Watoto waliomfuata walikuwa wamepanda vidole vitatu, vinne, mmoja karibu kiganja.

"Twilumba, mwaka huu umejifunza nini shuleni?"

Alisubiri. Darasa zima likasubiri, kisha likaanza kusukumana.

"Sikumbuki, nesi," alisema mtoto, bila hata kusikitika.

Walipoondoka, Veneranda aliondoa shuka kwenye mashine akabonyeza kitufe chekundu kwa nguvu kiasi kwamba kucha ilipinda.

"Pole kwa tukio," ilisema Mratibu. "Daktari ameitwa."

*

Mama Twilumba alifika kabla ya daktari. Mwalimu alikuwa amemwita; alitoka shambani moja kwa moja, matope mpaka magotini, akampitia mtoto shuleni, akaja akimvuta kwa mkono mmoja. Tarakimu kwenye kibandiko zilikuwa zimegeuka manjano. Sifuri moja tu ilikuwa imekaa pale.

"Nani kasema mwanangu ameanguka?"

"Mimi."

"Lini? Wapi? Nimekuwa naye mpaka alipokwenda shule, mwalimu amekuwa naye tangu hapo, ameangukia wapi?"

"Hajaanguka, Mama Twilumba. Nimesema uongo."

 Sauti ya mwanamke yule ilitoka kama kilio. "Umeniibia! Siku za mwanangu umeniibia! Mbilinyi, tumekukosea nini? Miaka miwili mingine mlangoni! Wewe mwenyewe una wajukuu wanaota moto!"

  Veneranda alikuwa anamvutia mtoto benchi skrini ilipowaka, akatokea mwanaume wa makamo mwenye macho mekundu na chapati mkononi. Alijitambulisha kuwa Daktari Ambakisye Mwasumbi, daktari wa mkoa, na kwamba hili lilikuwa tukio lake la kumi na nne tangu asubuhi, kwa hiyo waongee upesi.

Alitafuna huku akisoma. Kisha akaacha kutafuna.

"Nesi, sioni wimbi lolote la kifafa hapa. Leo hakuna, jana hakuna. Ubongo umetulia kabisa. Huyu mtoto hakuanguka."

"Hakuanguka, daktari. Niliandika uongo ili uje." Mficha uchi hazai, alijiambia, akamweleza yote: mumiani, siku ya ishirini na tisa, alama ya ndiyo, wajukuu walioambiwa ni wagonjwa. "Tazama damu yake. Sikuombi kingine."

Daktari alitazama. "Kumi na nne nukta mbili, inasema kawaida? Kawaida ya nani hii?"

"Ya kwangu."

Aliweka chapati chini. Akamwomba mama amsogeze mtoto, akamtazama uso, akamwambia atoe ulimi, akamuuliza siku gani leo. Wote wakasubiri jibu, na halikuja. Daktari akashusha pumzi ndefu iliyokoroma kwenye spika.

"Sikilizeni. Tezi ya huyu mtoto imelala, na imelala muda mrefu. Naweza kumwandikia homoni leo hii, kabati la dawa litafunguka akapewa. Naweza kumbadilishia dawa ya kifafa. Na naweza kuamuru watoto wote wa kliniki yenu wapimwe kwa kipimo cha zamani, mashine ipende isipende. Lakini vyote hivyo naruhusiwa kwa sababu ya tukio. Tukio la uongo sina budi kulifuta. Nikilifuta, siku zake mia sita na ngapi sijui zinarudi, na mimi natolewa kwenye faili. Nitaandika barua wizarani. Barua zangu za mwaka juzi bado hazijajibiwa."

"Huu ni wendawazimu," alisema Veneranda.

"Ni utaratibu," alisema daktari, kwa uchovu wa mtu aliyekwisha kugombana na utaratibu huo akashindwa. "Kuna njia moja. Vibandiko navyo hukosea. Tukio lisilo na wimbi linakubalika likiwa na shahidi wa nyumbani kwa mtoto, aliyeliona kwa macho yake. Muuguzi hahesabiki."

 Hakuna aliyemtazama Mama Twilumba, na kwa sababu hiyo alijua ni yeye.

Alikuwa mwanamke wa kanisa, mweka hazina wa akina mama, asiyesema uongo hata kuhusu umri wake. Alifuta matope kwenye vidole kwa kanga yake, kidole kimoja kimoja.

"Akipata hiyo dawa ya tezi," alisema, "atarudi?"

"Kurudi vipi, mama?"

"Kuwa yeye. Alikuwa msumbufu sana, daktari. Alikuwa anatuchosha."

"Sehemu kubwa itarudi. Kimo, nguvu, kuchangamka. Yote siwezi kukuahidi, maana tumechelewa."

"Na kifafa?"

"Hiyo dawa mpya inaweza kukishika. Inaweza isikishike vizuri kama hii. Anaweza akaanguka kweli. Sitakudanganya."

Mama alipiga magoti mbele ya mwanawe. "Twilumba. Mama anataka kujua kitu. Wewe unataka nini? Sema chochote."

Walisubiri. Nje lori la viazi lilipita, likapanda mlima, likaacha kusikika.

"Nataka kulala," alisema mtoto.

Mama Twilumba aliinuka. Machozi yalikuwa yanamtoka wala hakuyafuta, na sauti yake ilikuwa ya hasira, hasira ya kumwelekea kila mtu aliyekuwamo chumbani na wengine wengi waliokuwa mbali.

"Nilimwona," aliiambia skrini. "Leo asubuhi, nyumbani, kabla ya shule. Nilimwona kwa macho yangu. Andika Oliva Sanga, mama yake."

"Una hakika, mama? Siku zinaanza upya."

"Unaandika au huandiki?"

Daktari akaandika. Kabati likalia, droo ikafunguka, na ndani yake kulikuwa na vidonge vidogo vyeupe ambavyo Veneranda hakuwa ameviona kwa miaka minane. Alivihesabu, akavitia kwenye bahasha, akaandika juu yake. Mama aliipokea bila kumtazama.

"Sijakusamehe, nesi. Usije ukadhani nimekusamehe."

"Sijadhani hivyo."

"Anameza kabla ya chai au baada?"

"Kabla. Nusu saa kabla, tumbo likiwa tupu. Kila siku, usiruke hata moja."

Mama Twilumba aliyarudia maneno hayo mara mbili kwa sauti ya chini ili asiyasahau. Kisha akafungua kanga, akainama, akamweka mgongoni binti yake wa miaka tisa kama mtoto wa kunyonya. Mtoto alienea vizuri, na miguu haikuburuta. Akaifunga kanga kifuani, akatoka naye kwenye manyunyu.